Franco Luambo: mafumbo yalimlinda, siku alipoyaacha akafungwa

Mwaka wa 1978, mwanamuziki mwenye jina kubwa kuliko wote katika Zaire aliingia gerezani. Rais Mobutu alikuwa amempa nishani ya taifa ya Chui, orkestra yake ilikuwa ikipigwa kwenye redio kila siku, na watu wa Kinshasa hadi Lubumbashi walijua sauti yake kuliko sauti ya waziri yeyote. Kosa lake lilikuwa nyimbo 2 tu, « Hélène » na « Jacky ». Mahakama iliona kwamba nyimbo hizo ni matusi na zinaharibu tabia njema.

Jambo lililoshangaza wengi ni kwamba François Luambo Makiadi, aliyeitwa Franco, alikuwa ameimba mambo ya kitandani kwa zaidi ya miaka 20 bila kufungwa kwa sababu yake. Aliimba habari za mume na mke, za mpango wa kando, za mwanamke anayelalamika kwamba bwana haonekani usiku, za kijana anayelishwa na mama wa watu. Nchi nzima ilicheka na kucheza. Tofauti ya mwaka wa 1978 ni kwamba safari hii hakufunika maneno. Maisha yake yote yanaweza kusomwa kupitia jambo hilo moja: lini kusema wazi, na lini kufunika.

Mtoto wa soko

Franco alizaliwa tarehe 6 mwezi wa saba 1938 katika Sona Bata, jimbo ambalo leo linaitwa Kongo Central. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na baba akafariki wakati Franco angali mtoto. Mama yake, Mama Makiese, alibaki na mzigo wa kulea watoto kwa kuuza mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri.

Shule haikuendelea. Mtoto alishinda sokoni karibu na mama, akipuliza armonika na kupiga vyombo alivyojitengenezea ili kuvuta wateja. Gitaa yake ya kwanza ilikuwa mkebe wenye nyuzi za waya wa umeme. Aliyemfundisha gitaa ya kweli ni Paul Ebengo Dewayon, kijana mwenzake aliyemtangulia katika muziki, na pamoja wakapiga katika kundi dogo la Watam.

Wanaofuatilia kazi yake wanasema kwamba soko ndilo lilikuwa chuo chake. Mama wa soko hatukani mwenzake mbele ya wateja. Anaimba kidogo, anasifu bidhaa yake kwa namna ambayo jirani anajua kabisa kwamba amesemwa, na jirani akikasirika anaonekana mwenye kosa. Katika Lingala desturi hiyo ina jina: mbwakela, kutoka neno linalomaanisha kutupa. Mtu anatupa neno hewani, halafu mwenye kichwa chake analipokea mwenyewe. Watu wa Bukavu, Goma, Kindu au Lubumbashi hawahitaji kufafanuliwa zaidi, maana nao wanajua kutupiana mafumbo kwenye bomba la maji, sokoni na kwenye harusi.

OK Jazz na lugha yenye sakafu mbili

Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15, Franco aliingia katika studio ya Loningisa iliyokuwa ya mfanyabiashara Mgiriki, Papadimitriou. Mwanamuziki Henri Bowane alimchukua chini ya ulinzi wake, na ndiye aliyemfupishia jina akawa Franco. Miaka 3 baadaye, mwezi wa sita 1956, yeye na wenzake kama Jean Serge Essous, Rossignol na Vicky Longomba walianzisha OK Jazz, kwa jina la baa ya Oscar Kashama walimokuwa wakipiga.

Wakati huo African Jazz ya Joseph Kabasele ndiyo iliyokuwa ikiheshimiwa na watu waliosoma. Kabasele aliimba mapenzi kwa maneno laini na nguo safi. OK Jazz ilichukua njia nyingine. Gitaa ya Franco ilikuwa nzito, yenye kurudia-rudia, na maneno yake yalitoka mtaani: kodi ya nyumba, mshahara usiotosha, mke wa pili, rafiki anayekopa na kukwepa. Mwaka wa 1958 alifungwa kwa mara ya kwanza, kwa makosa ya barabarani. Alipotoka, mashabiki walimpokea kama shujaa, na wakamwita mchawi wa gitaa.

Mbinu zake za kufunika maneno zilikuwa chache lakini alizitumia vizuri. Ya kwanza ni kuimba kwa kinywa cha mwanamke. Franco, mwanaume mkubwa wa mwili na sauti nzito, aliimba akisema mimi mke wako, mimi mpenzi wako uliyeniacha. Kwa namna hiyo mwanamke wa wimbo aliweza kusema kuhusu mwili wake na kiu yake mambo ambayo mwanamke wa kweli hangeweza kuyasema mbele ya wakwe. Wanawake wengi walimpenda kwa sababu hiyo. Wengine walimchukia kwa sababu hiyo hiyo, wakiona kwamba lawama katika nyimbo zake mara nyingi zinaishia kwao, na kwamba mwanaume alikuwa akijipa haki ya kuongea kwa niaba yao.

Mbinu ya pili ni kutumia vitu vya kawaida vya nyumba na kazi: nguo, chakula, gari, chombo cha fundi. Mtoto akisikia anasikia habari ya chombo. Mtu mzima anasikia habari nyingine, anacheka, na mtoto akiuliza kwa nini anacheka hapewi jibu. Ya tatu ni sauti yenyewe. Franco alijua kucheka katikati ya wimbo, kushusha pumzi, kunyamaza mahali ambapo neno linatarajiwa, na kuacha gitaa imalizie. Neno chafu halikutamkwa, kwa hiyo tume ya serikali iliyopitia nyimbo kabla hazijatoka haikuwa na kitu cha kufuta.

Fumbo linapogeuka hatari

Siasa ilimfundisha mapema kwamba fumbo lina bei. Mwezi wa sita 1966, Mobutu, aliyekuwa na miezi michache tu madarakani, aliamuru wanasiasa 4 wanyongwe mbele ya umati katika Kinshasa. Mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, aliyekuwa amewahi kuwa waziri mkuu. Baada ya hapo Franco alitoa « Luvumbu Ndoki », wimbo wenye asili ya kienyeji katika Kikongo, kuhusu mkubwa mchawi anayemaliza watu wake. Hakutaja jina la rais wala la waliouawa. Lakini watu walielewa, na serikali pia ilielewa. Diski iliondolewa sokoni, Franco akahojiwa, kisha akavuka mto na kukaa kwa muda Brazzaville.

Aliporudi alichagua kuishi na utawala badala ya kupigana nao. Katika siku za siasa ya Uhalisi alikubali jina jipya, L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Orkestra yake, ambayo sasa iliitwa Tout Puissant OK Jazz, ilizunguka nchi ikiimba sifa za chama cha MPR. Aliongoza chama cha wanamuziki wa Zaire, akafungua klabu yake ya Un-Deux-Trois mjini Kinshasa, na kutengeneza hata wimbo wa kutangaza magari ya Volkswagen, « AZDA », ambao ulipigwa Afrika nzima na watu wasiojua kwamba ni tangazo la biashara.

Miaka hiyo ilikuwa pia na msiba. Mwaka wa 1970 mdogo wake Bavon Marie-Marie, mpiga gitaa wa orkestra ya Négro Succès, alikufa katika ajali ya gari. Uvumi wa mtaa ulimtaja Franco mwenyewe kama mchawi aliyemtoa mdogo wake. Mtu aliyepata mkate wake kwa kutupa maneno alitupiwa neno ambalo hakuweza kulijibu. Alinyamaza kwa miezi, kisha akarudi na nyimbo za maombolezo.

Kaseti za mwaka wa 1978

Kufikia mwaka wa 1978 Franco alikuwa tajiri, mwenye nishani, na pengine aliona kwamba hakuna wa kumgusa. « Hélène » na « Jacky » hazikupitishwa kwa tume ya udhibiti. Zilitoka kwa kaseti, zikapita mkono kwa mkono, zikapigwa kwenye baa, teksi na nyumba za watu. Maneno yake hayawezi kuandikwa kwenye ukurasa huu. Inatosha kusema kwamba yalitaja mwili wa mwanamke na uchafu wake bila kifuniko chochote, na kwamba yalitumia majina ya wanawake kana kwamba ni watu wanaojulikana.

Wengi walizicheka. Lakini ilikuwa kicheko cha namna nyingine. Katika fumbo, msikilizaji anashiriki: ni yeye anayemalizia maana kichwani mwake, na akitaka anaweza kuiacha. Kaseti hizi hazikumwachia mtu nafasi hiyo. Mama aliyekuwa akicheza OK Jazz na watoto wake sebuleni alilazimika kuzima redio.

Mwendesha mashtaka mkuu wa jamhuri wakati huo alikuwa Kengo wa Dondo. Alimwita Franco kujieleza. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo kati ya wapenzi wa rumba ni kwamba Franco alikana kuwa nyimbo hizo zina ubaya wowote. Kengo akaagiza mama yake mzazi aletwe, akasikilizishwa kaseti mbele ya mwanae. Inasimuliwa kwamba mama yule muuza mandazi, ambaye mezani pake mtoto alijifunza kufunika maneno, hakuvumilia kusikiliza.

Franco alihukumiwa kifungo cha miezi 6, na baadhi ya wanamuziki wake wakafungwa pamoja naye. Mashabiki walinung'unika mjini, na baada ya takriban miezi 2 akaachiliwa. Watu walitafsiri hukumu ile kwa njia mbili. Kwa wengine ilikuwa haki: sheria ilimkuta hata mkubwa. Kwa wengine ilikuwa unafiki, maana viongozi walewale waliomfunga kwa kutaja mambo ya kitandani walijulikana kwa maisha yasiyo na mipaka, na kaseti nyingi zilikuwa ndani ya magari yao wenyewe.

Fundi aliyenyang'anywa sindano

Baada ya gereza Franco alihamishia sehemu kubwa ya kazi yake Ulaya, hasa Brussels, ambako studio zilikuwa nzuri na mkono wa tume haukufika kwa urahisi. Angeweza kuendelea na matusi ya wazi. Hakufanya hivyo. Alirudi kwenye fumbo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalitumia kulipa deni lake.

Mwaka wa 1980 Kengo wa Dondo aliondoka kwenye kiti cha mwendesha mashtaka mkuu na kupelekwa kuwa balozi Ubelgiji. Muda mfupi baadaye Franco alitoa « Tailleur ». Kwa nje ni habari ya fundi cherehani aliyejivuna sana kwa sindano ambayo si yake. Mwenye sindano ameichukua, na sasa fundi anaulizwa atashona na nini. Ukiimba wimbo huo mbele ya hakimu, hakuna neno la kushtaki. Ila mji mzima wa Kinshasa ulisema fundi ni Kengo, na mwenye sindano ni yule aliyempa cheo na kumnyang'anya. Wapo waliosikia ndani yake pia utani wa kiume, kwa maana sindano katika vinywa vya wanaume walevi haikosi maana ya pili. Franco hakuthibitisha lolote. Kengo naye hakuweza kulalamika bila kukiri kwamba fundi ni yeye. Historia ilimcheka Franco kidogo: mwishoni mwa mwaka wa 1982 Kengo alirudishiwa sindano, tena kubwa zaidi, akawa mkuu wa serikali.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyozaa nyimbo ambazo watu wa mashariki mwa Congo bado wanazipiga kwenye sikukuu. « Très impoli » inacheka watu wasio na adabu, wanaofungua friji za wengine na kuingia katika nyumba za watu na soksi zinazonuka. « Mamou », iliyoimbwa na Madilu System, inafichua siri za mwanamke ambaye bwana yuko mbali na rafiki anabebeshwa lawama. Na mwaka wa 1985 « Mario » ilimchora kijana mwenye diploma anayekaa nyumbani kwa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, anakula, anavaa, anaendesha gari, na hataki kazi. Hakuna tusi hata moja katika wimbo huo, lakini hakuna mtu mzima asiyejua ni huduma gani Mario anatoa kama malipo. Jina lile liligeuka kuwa neno la kawaida. Hata Tanzania, ambako wengi hawasikii Lingala, mwanaume anayelishwa na mwanamke anaitwa marioo mpaka leo.

Pamoja na hayo yote, hakuacha kuimba kwa ajili ya utawala. Mwaka wa 1984, Mobutu akiwa mgombea peke yake, Franco alimtolea wimbo wa kampeni. Mtu huyo huyo aliyemchoma Kengo kwa sindano alimbeba bwana wa Kengo mgongoni. Kwa wakosoaji wake, hiyo ndiyo doa ambalo hakuna fumbo linaloweza kulifunika.

Siku alipofunua kwa faida ya watu

Mwaka wa 1987 ugonjwa wa Sida ulikuwa ukiua katika Kinshasa na miji mingine. Watu hawakuutaja jina. Wengine walisema ni sumu, wengine uchawi. Franco alitoa « Attention na Sida », wimbo mrefu ambamo, kwa Kifaransa na Lingala, anaongea kama mwalimu na mchungaji kwa pamoja. Anataja ugonjwa kwa jina lake, anawaambia wanaume, wanawake, wanafunzi na viongozi wajichunge katika mapenzi, anawaomba walimu, madaktari na serikali wafanye kazi yao.

Waliosikiliza kwa makini walitambua kitu: muziki wa wimbo ule ulikuwa wa « Jacky ». Gitaa ileile iliyobeba matusi ya mwaka wa 1978 sasa ilibeba onyo. Kwa mara ya pili katika maisha yake Franco aliongea wazi kuhusu tendo la ndoa bila kufunika, na safari hii hakuna mahakama iliyomwita. Shule na redio zilitaka wimbo huo.

Wakati huo mwili wake ulikuwa umeanza kupungua. Uvumi ulienea haraka kuliko nyimbo zake. Mwezi wa tisa 1989 alipanda jukwaani mjini Amsterdam akiwa dhaifu sana, na tarehe 12 mwezi wa kumi akafariki hospitalini katika eneo la Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Ugonjwa uliomuua haukutangazwa rasmi. Mwili ulirudishwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku 4 za maombolezo, redio ya taifa ikapiga muziki wake mfululizo, na akazikwa katika makaburi ya Gombe.

Ameacha nyimbo zinazohesabiwa kwa mamia, wengi wanasema zaidi ya 1000, na mjadala ambao haujafungwa. Mwezi wa kumi na moja 2021, tume ya udhibiti mjini Kinshasa ilipiga marufuku « Nini Tosali Te », wimbo wa kundi la vijana la MPR uliouliza watawala maswali bila fumbo lolote, kabla ya marufuku hayo kuondolewa kutokana na kelele za raia. Mwezi uliofuata, Unesco iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Rumba hiyo ndiyo muziki wa Franco, mfungwa wa mwaka wa 1978.